Injini Ikinyamaza Angani: Kwanza Tangi au Kwanza Shamba?

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ambaye ameruka saa 31 na anajiandaa kwa safari yake ya kwanza ya masafa akiwa peke yake, ameniandikia hivi: "Mwalimu, juzi nilitua na Cessna 172 geji zote mbili za mafuta zikionyesha nusu, lakini nilipopanda bawani na kutumbukiza kijiti nilikuta mafuta hayazidi robo. Wenzangu walicheka na kusema kwamba geji za ndege hizi ndivyo zilivyo. Tangu siku hiyo sina amani. Injini ikizimika nikiwa peke yangu, nianze kubadili tangi au nianze kutafuta mahali pa kutua? Na nikiwa na shaka tu, injini ingali inanguruma, nikatua kiwanja ambacho hakimo katika mpango wangu wa safari, si nitaonekana mwoga?"

Nitaanza na kile kijiti, kwa sababu maswali yako mengine mawili yamezaliwa hapo. Cessna 172 ya aina ya N yenye matangi ya kawaida hubeba galoni 43 za Kimarekani, na kati ya hizo 40 tu ndizo zinazoweza kufika kwenye injini. Galoni 3, yaani kama lita 11, hubaki chini ya matangi na hazikusaidii kitu. Nusu uliyoonyeshwa na geji ni takriban lita 81. Ukiondoa zile 11 unabaki na 70, ambazo kwa ulaji wa lita 35 kwa saa ni saa mbili kamili za kuruka. Robo uliyoonyeshwa na kijiti ni kama lita 40, na ukiondoa zile 11 unabaki na 29, ambazo hazifiki dakika 50. Tofauti ya saa moja na dakika kumi ndiyo iliyokuwa ikichekwa pale chini ya bawa.

Wenzako wamesema ukweli nusu. Ndani ya tangi la bawa kuna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba, na mkono huo unapopanda na kushuka hubadilisha umeme unaokwenda kwenye geji. Tangi lenyewe ni pana na halina kina kirefu, kwa hiyo kila ndege inapokata kona, kuinua pua au kutikiswa na upepo, mafuta hukimbilia upande mmoja na boya hufuata. Tabia hiyo ni ya kawaida, na ndiyo sababu hakuna rubani makini anayepanga safari kwa kutazama geji. Lakini geji inayosema nusu ndege ikiwa imesimama tuli juu ya lami, huku tangi lina robo, ni geji mbovu, na ubovu huo unaandikwa kwenye kitabu cha ndege ili fundi aushughulikie kabla mtu mwingine hajairusha.

Kupima kwa kijiti nako kuna namna yake, ingawa watu hukifanya kama wanakoroga chai. Ndege iwe mahali tambarare, kwa sababu bawa moja likiwa chini mafuta huhama na unasoma uongo pande zote mbili. Kijiti kiwe kikavu, kishuke wima mpaka kiguse sakafu ya tangi, na ukisome mara tu unapokitoa, maana avgas, petroli maalumu ya ndege ndogo, hukauka upesi sana, hasa kwenye jua la saa saba. Kijiti kiwe cha ndege hiyo hiyo: cha ndege nyingine, hata ya kiwanda kile kile, kinaweza kuwa na alama za tangi la ukubwa mwingine. Halafu ujue kama alama zake ni za lita au galoni, na kama zimehesabu yale mafuta yasiyotumika au la.

Habari ya vipimo si ndogo. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Boeing 767 ya Air Canada ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, lakini kwa kukosea uzito wa lita moja ikaondoka na ratili 22,300, chini kidogo ya nusu ya mahitaji. Injini zote mbili zilizimika angani, na marubani wakateleza bila nguvu mpaka wakatua kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Kanada. Wale walikuwa marubani wazoefu wenye mafundi wa kuwasaidia. Wewe utakuwa peke yako, boza, yaani lori la mafuta, litakuuzia kwa lita, kitabu cha ndege kitazungumza galoni, na karatasi ya uzito itadai kilo au ratili. Andika kwenye ubao wako wa pajani: galoni 1 ya Kimarekani ni lita 3.785, na lita 1 ya avgas ina uzito wa kama kilo 0.72.

Tena usiamini maandishi ya aliyekutangulia. Mwaka wangu wa kwanza wa ukufunzi nilipokea ndege ambayo kitabu chake kilisema ina lita 100, kijiti kikasema 60. Aliyeruka kabla yetu alikuwa ameandika kiasi alichoagiza, na dereva wa boza alikuwa ameitwa kwingine kabla hajamaliza kujaza. Hakukuwa na mwovu katika habari hiyo. Kulikuwa na mtu mwenye haraka na kalamu.

Ukishajua lita ulizo nazo, zigeuze ziwe saa, na kuanzia hapo saa yako ya mkononi ndiyo geji yako. Tuseme kijiti kinasema lita 95 kwa jumla. Toa 11 zisizotumika, toa 5 za kuwasha, kutembea kwenye lami na kupanda. Zimebaki 79, ambazo kwa lita 35 kwa saa ni saa mbili na robo. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka ndege inayoruka mchana kwa kutazama nje ifike iendako ikiwa na akiba ya dakika 30. Mimi ninawataka wanafunzi wangu wawe na saa nzima, kwa sababu katika nchi zetu viwanja vingi vya bara havina avgas hata vinapokuwa na Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, tele, na ukifika ukakuta ng'ombe wametanda kwenye njia ya kurukia, kiwanja cha pili hakipo nyuma ya kilima. Kwa hesabu hiyo lita zako 95 zinakupa safari ya saa moja na robo. Andika saa uliyoruka na saa ambayo lazima magurudumu yawe chini, na usiibadilishe hiyo ya pili kwa sababu yoyote ya kupendeza.

Lita 35 nilizotaja ni zaidi kidogo ya zile utakazoona kwenye majedwali, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Majedwali yameandikwa kwa rubani anayepunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta jinsi anavyopanda. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, ambako hewa ina uzito wa kama asilimia 85 tu ya ile ya Mombasa, na mwanafunzi anayeacha leva ya mchanganyiko imesukumwa mpaka mwisho anamwaga mafuta ambayo injini haina hewa ya kuyachoma. Nguvu inapungua, plagi zinashika masizi na lita zinakwenda. Kitabu cha 172N kinaagiza mchanganyiko urekebishwe hata kabla ya kuruka kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. Kama mkufunzi wako hajakuonyesha jambo hili kwa vitendo, mwombe kabla hujakwenda popote.

Hayo yote yanahusu kuishiwa mafuta. Kuna balaa la pili, injini kunyimwa mafuta ambayo yapo bawani. Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali za usafiri, NTSB, ilipotazama ajali za ndege ndogo za mwaka 2011 hadi 2015, ilikuta zaidi ya ajali 50 kwa mwaka zikitokana na usimamizi mbaya wa mafuta. Asilimia 56 zilikuwa za kuishiwa na asilimia 35 za kunyimwa. Wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu ya marubani waliohusika, na karibu nusu walikuwa na leseni za biashara au za ndege za abiria. Kwa hiyo woga wako ninauheshimu. Ninaomba tu usikuishe utakapokuwa na saa 2,000.

Injini hunyimwa kwa njia nyingi. Katika Cessna 172 mpini wa kuchagua tangi huwekwa kwenye matangi yote mawili na kuachwa hapo, ila fundi au mwanafunzi aliyetangulia anaweza kuwa ameuhamisha. Katika Piper PA-28, ndege nyingine ndogo ya mafunzo, hakuna nafasi ya matangi yote mawili, unachagua la kushoto au la kulia, kwa hiyo unabadilisha kila nusu saa, pampu ya umeme ikiwa imewashwa, na unafanya hivyo mahali ambapo ukikosea unaweza kufika kiwanja. Mpini uliokwama katikati ya nafasi mbili unaweza kuwa kama umefungwa, kwa hiyo usikie kwa vidole ukiingia mahali pake. Kizibo cha tangi kisipofungwa vizuri, hewa inayopita juu ya bawa hunyonya mafuta nje, na utaona doa la buluu limejichora nyuma yake, maana avgas ya 100LL hutiwa rangi ya buluu. Mrija wa kuingiza hewa nao, ule unaochungulia chini ya bawa la kushoto nyuma ya mhimili, hupendwa sana na nyigu wa udongo. Ndege ikilala nje siku tatu tu wanaweza kuuziba, na tangi lisiloingiza hewa halitoi mafuta.

Maji ni adui mwingine. Hukaa chini ya tangi, na ukitoa sampuli utaona tone linacheza chini ya mafuta kama shanga. Angalia mtego wake: kikombe kizima kikiwa ni maji huoni mstari wowote, unaona kitu safi na kung'aa. Kwa hiyo tazama rangi dhidi ya kitu cheupe, na unuse. Kama una shaka kwamba boza limekosea na kukutilia Jet A-1, dondosha tone kwenye karatasi: avgas hukauka bila kuacha kitu, mafuta ya jeti huacha duara la mafuta.

Sasa injini imenyamaza. Jibu la swali lako ni hili: kwanza kasi, pili shamba, tatu tangi. Kwa 172N kasi ya kuteleza mbali zaidi ni noti 65, yaani kama kilomita 120 kwa saa. Injini inapozimika kasi inaanguka, na mikono yako inatamani kuvuta usukani kwa sababu ardhi inakuja. Ukivuta, bawa linaacha kubeba ndege, na kutoka hapo hakuna tangi wala shamba litakalokusaidia. Shusha pua, shika 65, weka trimu ili ndege ijishikie yenyewe. Kisha geuka kuelekea shamba ulilokwisha kulichagua. Nimesema ulilokwisha kulichagua kwa sababu kila dakika tano za safari yako unapaswa kuwa unajiambia, kwa sauti kama unapenda, kwamba ikizimika sasa nitatua pale.

Baada ya hapo ndipo mkono unaenda kwenye tangi, na kwa kweli zimepita sekunde chache tu. Joto la kabureta, pale hewa na mafuta vinapochanganyika, liwashwe mara moja, kwa kuwa linatoka kwenye moshi wa injini na injini inapoa. Barafu ndani ya kabureta hujitengeneza hata siku ya nyuzi 25 kukiwa na unyevu, jambo ambalo wanaoruka Mombasa, Tanga na Zanzibar wanapaswa kulijua kuliko wote. Mpini wa tangi uwe kwenye yote mawili, au kwenye tangi lingine ukiwa na Piper na pampu. Mchanganyiko usukumwe mbele, swichi ya magneto, zinazozipa plagi cheche, iwe kwenye zote mbili, pampu ndogo ya kuwashia iwe imefungwa. Kisha subiri, kwani mafuta huchukua sekunde kadhaa kufika, na wengi hubadili tena kwa papara kabla hayajafika. Ukiwa chini ya futi 1,000 juu ya ardhi acha uchunguzi huo kabisa, utue.

Kwa nini nasisitiza mpangilio huu? Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji wa Marekani John Denver alianguka na ndege yake ndogo ya Long-EZ katika ghuba ya Monterey, California, akafariki. Mpini wa kuchagua tangi katika ndege ile ulikuwa umewekwa nyuma ya bega la kushoto la rubani, na wachunguzi wa NTSB waliona kwamba alipokuwa akijipinda kuufikia, macho na akili vikahama na mguu wake ukasukuma usukani wa mkia bila kukusudia. Mpini wa Cessna uko sakafuni kati ya viti, karibu kabisa, lakini ukiinama kuutazama, macho hayapo nje. Ujifunze kuukamata bila kuutazama, ukiwa umekaa ndani ya ndege iliyoegeshwa.

Una muda gani? Ndege hii huteleza kama kilomita tisa kwa kila kilomita moja ya urefu, kwa hiyo kutoka futi 3,000 juu ya ardhi unafika kilomita 8 bila upepo. Lakini wanafunzi wa Nairobi wana kosa lao maalumu: kipimo cha urefu kinasoma 8,500 na moyo unatulia, kumbe ardhi chini yako iko 5,500. Unazo 3,000 tu, na katika hewa hii nyembamba ni dakika tatu na nusu, pengine nne. Usipange kutumia zaidi ya nusu ya umbali huo. Shamba zuri lililo karibu ni bora kuliko uwanja wa lami ulio ukingoni mwa uwezo wako.

Shamba lenyewe linadanganya ukiwa juu. Mbuga za Kajiado na Athi huonekana kama zulia, lakini ndani ya nyasi kuna vichuguu vya mchwa na mashimo ya muhanga, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi hushika gurudumu la mbele na kuipindua ndege. Chai ya Limuru ni kijani laini kwa macho, kumbe ni vigogo vinavyofika kiunoni. Mpunga wa Mwea una maji chini yake. Mkonge, ambao utauona upande wa Voi na Tanga, ni mikuki iliyopangwa mistari. Ukilazimika kushuka humo, tafuta barabara ya ndani ya shamba. Shamba lililolimwa linafaa ukitua kufuata matuta, na mahindi machanga yanafaa kuliko yaliyokomaa. Barabara kuu zinavutia lakini zina nyaya za umeme, na waya hauonekani mpaka umechelewa, kwa hiyo tafuta nguzo, na ukiona nguzo pande zote mbili chukulia kwamba waya unakatiza. Uwanja wa mpira wa shule ya msingi ni mfupi, na watoto watakukimbilia badala ya kukukimbia.

Upepo utausoma kwenye moshi wa tanuri la mkaa, vumbi la gari au nguo zilizoanikwa. Tua ukiuelekea, kwa sababu nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa kasi: anayegusa ardhi kwa noti 65 badala ya 50 anabeba nguvu karibu mara 1.7. Ita Mayday kwenye masafa ya redio uliyopo au yale ya dharura, 121.5, weka namba ya dharura 7700 kwenye transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwa rada, lakini usiache kurusha ndege ili uzungumze. Flapu za Cessna, vile vibamba vya nyuma ya mabawa, hutumia umeme, kwa hiyo zishushe kwanza ndipo uzime swichi kuu. Funga mafuta, zima magneto, kaza mikanda, fungua mlango kidogo usije ukajibana ukigonga. Na kama injini imezimika mara tu baada ya kuruka, tua mbele, usigeuke kurudi uwanjani. Wanaoondoka Wilson kwa njia ya kurukia namba 14 wana Mbuga ya Taifa mbele yao, na kwa dakika hiyo simba si tatizo la kwanza.

Kuhusu kuonekana mwoga: kutua kwa tahadhari, injini ikiwa hai, ni kitu tofauti kabisa na yote niliyoeleza, kwa sababu unaweza kupita chini mara moja kukagua njia, kufukuza mbuzi, kupanda tena na kuja ukiwa na nguvu ya kusahihisha kosa. Dakika 20 baadaye, tangi likiwa tupu, chaguo hilo limekwisha. Kwa hiyo saa yako ikisema muda umefika, au geji ya upande mmoja ikishuka kwa kasi usiyoielewa, waambie mnara au uliye naye hewani kwamba unageuka, kisha utue kiwanja kilicho karibu. Nimewahi kumfuata mwanafunzi kwa gari kilomita nyingi za vumbi kwa sababu hiyo, na sikumwuliza kwa nini alitua. Nilimwuliza tu kijiti kinasema nini, kisha tukanywa soda dukani tukisubiri fundi.

Ukishatua hivyo, funga ndege kamba, piga simu shuleni, na usiruke tena mpaka mtu wa ndege amefika. Atatokea kijana mwema wa bodaboda mwenye jerikeni ya petroli, atakwambia ni mafuta yale yale. Mshukuru, umwambie hapana.